Shajara ya kerezo: mabakuli 12 ya tende kwa mti mbichi

5 Julai

Kazi imeingia. Kamati ya msikiti wa mtaani kwetu hapa Fuoni wanataka mabakuli 12 ya mti ya kuwekea tende za futari, kila moja upana wa sentimita 18 hivi, yawe tayari kabla ya Ramadhani kuandama. Ni miezi saba na siku kadhaa. Asiyewahi kukereza mti mbichi, yaani kuuchonga kwa patasi ukizunguka kwenye mashine, ataona huo ni muda wa kulala, lakini mie nimetoka kwenye kikao nikihesabu vidole.

Nimeipokea kwa tamaa, nakiri. Muda mrefu nimekuwa nikitazama mafundi wa Ulaya na Marekani wakiweka kwenye kerezo gogo la msonobari, yaani paini, lililoangushwa asubuhi ile ile, maranda yakitoka marefu, yamelowa, yanaanguka sakafuni kama tambi. Hapa Unguja tunanunua mbao zilizokwisha pasuliwa, na muuzaji anaapa kwamba zimekauka. Gogo bichi la paini sijapata kulishika.

Kerezo langu, ili nikija kusoma baadaye nikumbuke: mota ya pampu ya maji, nguvu ya farasi 1, mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye shafti, kwa hiyo gogo linazunguka kama mara 540. Nikihamisha mkanda kwenye puli za pili napata kama 1,000. Kiegemeo cha patasi nilichomelea mwenyewe na kimepinda kidogo upande wa kushoto. Nimeshakizoea.

Ami yangu alikuja jioni kuangalia. Ujana wake wote aliumaliza kwenye matendegu ya vitanda vya samadari, na anasema mwalimu wake alikuwa akikereza kwa upinde na kamba, kakaa chini, patasi kaibana kwa kidole gumba cha mguu. Nilipomwambia nataka paini mbichi akanitazama tu.

"Mti upo hapa kisiwani umejaa, wewe unataka wa Iringa?"

"Nataka kujaribu, ami."

"Haya. Jaribu."

9 Julai

Paini inayokuja hapa inatoka bara, nyanda za juu za kusini, na nyingi ni ile aina ya patula, ambayo asili yake ni Mexico. Inapenda baridi na mwinuko. Shamba la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali huko bara, na mbao nyingi zinazouzwa Dar kisha zikapanda chombo kuja bandari ya Malindi hapa Unguja zina uhusiano na maeneo hayo.

Nimempata dereva anayeshusha mirunda na mbao Dar. Tumekubaliana aniletee magogo mawili, kila moja sentimita 90 kwa urefu na 28 kwa unene, yakatwe siku ya kupakia, yaingie kwenye karatasi za mzigo wake kama mengine. Nimemwomba mambo mawili: gome lisitolewe, na ncha zipakwe rangi mara tu msumeno unapotoka. Hili la ncha ndilo muhimu zaidi. Maji kwenye gogo hutoka kwa kasi kubwa zaidi kupitia nchani, kule mishipa ya mti ilikokatwa, kuliko ubavuni. Ncha ikikauka inataka kunywea, katikati bado kumelowa kumekataa, basi panapasuka. Rangi yoyote nzito inapunguza kasi hiyo. Nta ni bora zaidi, lakini nani atayeyusha nta porini?

13 Julai

Nikiwa nasubiri, kusi limeniletea mti mwingine. Mvinje mkubwa umeanguka Bwejuu, umelalia ukuta wa nyumba ya shemeji yangu. Anataka uondoke, nami nataka shina.

Haukuondoka siku hiyo hiyo. Mti ukianguka huku kwetu huuchukui kama nazi iliyodondoka njiani. Tulianza kwa sheha, tukaenda kwa watu wa misitu, wakaja wakauona, kibali kikatoka. Msumeno wa moto nao hauwashwi ovyo, ni wa mtu mwenye ruhusa nao. Siku tatu kwa jumla. Mti uliolala na mizizi yake imeng'oka nusu hauna haraka ya kukauka, kwa hiyo sikupoteza kitu.

Wageni wa mahotelini huuona mvinje wakauita msonobari, kwa vile unaning'iniza vitu kama sindano. Hata undugu hawana. Mvinje ni mti wa maua, asili yake pande za Asia ya kusini-mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, na zile sindano si majani. Ni vijiti vyenye pingili, na jani lenyewe ni kigamba kidogo mno kwenye kila pingili. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukikichomoa kijiti kwenye pingili moja, tunakirudishia, kisha mwenzio abahatishe kimekatika wapi. Leo watoto wa shemeji walikuwa wakicheza mchezo huo huo juu ya mti ulioanguka.

Nimekata vipande vinne vya sentimita 40, unene 30. Tulipokipima kimoja kwenye mizani ya muuza chuma chakavu kilikuwa kilo 36. Viwili tulivipakia kwenye gari ya ng'ombe hadi barabarani, ng'ombe mwenyewe akageuka kututazama.

16 Julai

Mvinje kwenye kerezo, siku ya kwanza.

Ami alikuja na kabari zake mbili na nyundo. Mie nilikuwa nimeshachora duara kwenye ncha ya gogo, katikati kabisa, nikereze zima. Akanizuia. Akaweka kidole kwenye moyo wa mti, kile kidoa cheusi katikati ya duara zote. "Hiki ukikiacha ndani ya bakuli, ujue umeacha mwizi ndani ya nyumba." Kisha akaweka kabari juu ya ufa mwembamba ambao mie sikuwa nimeuona, akagonga mara tatu, gogo likafunguka kwa mlio kama wa mtu anayekohoa. Nusu mbili. Kwenye kila nusu tukaondoa unene wa vidole viwili upande wa moyo. Kinachobaki ndicho bakuli, mdomo ukielekea kule moyo ulikokuwa.

Sababu yake nimeielewa vizuri baada ya kuchora kwenye karatasi. Mti ukikauka hunywea zaidi kuizunguka ile duara ya miaka kuliko kutoka moyoni kwenda gomeni, karibu mara mbili. Duara inataka kufupika na kilicho katikati hakifupiki vya kutosha. Basi panachanika, na mchaniko huanzia moyoni. Ukiutoa moyo, ubao una nafasi ya kujipinda bila kuvunjika.

Kukereza kwenyewe kulikuwa vita. Nusu gogo halina mizani, upande mmoja mzito. Nilipowasha, meza ilitembea. Nakusudia kutembea: ilisogea karibu nusu futi kabla sijafika kwenye swichi. Nimeweka magunia mawili ya mchanga juu ya miguu na matofali manne kati yake, nikapunguza pembe za gogo kwa shoka, nikasimama pembeni badala ya mbele, nikawasha tena. Ikatulia, kwa maana ya kutetemeka bila kuhama. Kipande cha gome kiliruka kikagonga ukuta wa mabati nyuma yangu mahali ambapo dakika kumi kabla kichwa changu kilikuwepo. Kinga ya uso sasa haikai tena kwenye msumari.

Mvinje mbichi ni mgumu hata ukiwa umelowa. Patasi ya mviringo, ile wazee wanaiita bobari, nilinoa mara tano kwa bakuli moja. Rangi ndani nyekundu ya kahawia, nzuri sana, na pale nyuzi zinapokatwa kwa pembe kuna mistari mipana kama mng'ao wa hariri. Ami anasema mti huu ni wa kuni na mkaa. Nimempa bakuli lililokerezwa nusu akaligeuza-geuza, hakusema neno.

Mabakuli manne ya awali, ambayo yatakauka miezi kadhaa kisha niyakereze mara ya pili, kuta za sentimita 2. Hesabu ya mafundi ni hiyo: unene wa ukuta uwe kama sehemu moja ya kumi ya upana. Ukuta mwembamba zaidi utapinda hadi ushindwe kuupata mviringo ndani yake baadaye, mnene zaidi utapasuka.

21 Julai

Wiki ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Kijana anayenisaidia kaenda Makunduchi. Sijafanya kitu.

24 Julai

Paini imefika, na nimekasirika.

Ncha zimepakwa rangi, kweli. Lakini mtu fulani njiani, kwa nia njema kabisa, ameyafunga magogo yote mawili kwenye nailoni nyeusi "yasikauke". Siku sita kwenye nailoni, kutoka baridi ya Mufindi mpaka joto la bandarini. Nilipokata kamba ulitoka mvuke wenye harufu ya tapentaini na uvundo. Chini ya gome, mti mweupe wa nje umeshaanza michirizi ya buluu, kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya kuandikia.

Ni kuvu. Inapenda sehemu ya nje ya gogo ambako kuna maji na chakula, na kwenye joto haihitaji wiki. Haiuli mti, nguvu inabaki karibu ile ile, ila rangi ndiyo hiyo na haitoki kwa msasa. Gogo bichi lifunikwe nchani tu, ubavu uachwe upumue, na likae kivulini. Nilimwambia dereva kuhusu ncha, sikumwambia kuhusu nailoni. Kosa ni langu nusu, na ile nusu nyingine sina wa kumpa.

Nimeyakata usiku huu huu kabla buluu haijazama zaidi. Kila gogo: sentimita 5 kila ncha nimezitupa, katikati vipande vitatu. Jumla sita.

25 Julai

Sasa naelewa kwa nini mafundi wale wa Ulaya na Marekani wanacheka wakiwa kwenye kerezo.

Paini mbichi inakatika kama papai. Patasi imenolewa mara moja tu asubuhi na imenifikisha adhuhuri. Maranda yanatoka yamekunjwa, marefu kuliko mkono wangu, na maji yanarushwa na mzunguko hadi kwenye kinga ya uso. Baada ya bakuli la pili shati lilikuwa limelowa mstari mmoja ulionyooka, kuanzia bega hadi kitovu, kwenye usawa wa gogo. Hakuna vumbi hata kidogo. Kwa mtu aliyezoea kukohoa mninga mkavu hii ni neema.

Balaa ni utomvu. Paini inalia gundi. Kiegemeo kimeganda, patasi haitelezi tena, vidole vinashikana. Mafuta ya taa kwenye kitambaa kila baada ya bakuli moja, halafu sabuni. Msasa usijaribu kabisa kwenye mti mbichi wa aina hii, unaziba kwa sekunde chache na kuwa kipande cha ngozi.

Matano leo.

26 Julai

Mengine matano. Kwenye mawili sikutoa moyo wa kutosha, niliona uchungu kupunguza kina cha bakuli. Nimeyatia alama ya X kwa penseli chini, tuone nani mkweli kati yangu na ami.

Kipande cha sita nilikiacha kizima. Paini haitoi matawi ovyo ovyo kama mwembe. Hutoa kwa duru, matawi kadhaa pamoja kwenye usawa mmoja, kisha shina tupu, kisha duru nyingine. Kipande hiki kina duru moja katikati yake, mafundo matano. Nimekikereza gogo zima, moyo ukipita katikati ya kitako, nikitoboa kwenda chini hadi ukuta ukabaki milimita 6. Mafundo yametokea yote matano ubavuni, ya kahawia iliyoiva, na kila moja likitazamwa kwa ndani linaelekeza mkia wake katikati. Ni nyota. Nilipoweka balbu ndani yake mafundo yakawaka mekundu kama makaa, kwa sababu yamejaa utomvu na mwanga unapita.

Najua moyo umebaki kwenye kitako. Najua ami atasema nini. Hili si la msikiti, ni langu.

27 Julai

Kuhifadhi. Mabakuli 10 ya paini na manne ya mvinje. Ukingo wa mdomo na ubavu wote wa nje ambako nyuzi zimekatwa nimepaka nta: mishumaa iliyoyeyushwa na kipande cha nta ya nyuki, kwa brashi, ikiwa moto. Ndani nimeacha wazi. Kisha kila bakuli kwenye mfuko wake wa karatasi wa saruji, uliokung'utwa vizuri, mdomo umekunjwa. Karatasi inapitisha unyevu polepole. Nailoni, kama nilivyofundishwa juzi, haipitishi.

Yamepangwa chini ya kitanda cha chumba cha wageni, mbali na dirisha. Mke wangu ameuliza wageni watalala wapi. Nimemwambia juu ya kitanda, kama siku zote.

Bakuli namba 3 la paini nitalipima kila wiki kwa mizani ya duka la kona. Leo gramu 1,240. Na namba 2 la mvinje, gramu 1,560.

3 Agosti

Paini 910. Gramu 330 za maji zimeondoka kwa wiki moja. Karibu kopo la soda kwenye kila bakuli limepita chumbani mwangu kwenda hewani.

10 Agosti

Paini 745. Moja la X limepasuka, ufa kutoka ukingoni hadi kitako. Ami kapewa haki yake.

Jirani anapunguza mfenesi wake uliokuwa unagusa paa. Tawi la unene wa sentimita 26, njano ndani kama manjano ya kusaga. Mfenesi kwetu hauhitaji utangulizi, milango ya mji mkongwe imechongwa kwa miti ya aina hii na kwa msaji. Nimeomba, nimepewa bure, nikatoa mabakuli matatu jioni hiyo hiyo. Utomvu wake mweupe ni wa kunata kuliko wa paini, ila kwa huo kila mtoto wa kisiwani ana dawa: pakaa mafuta ya kupikia mikononi kabla, si baada. Nilikumbuka baada.

24 Agosti

Paini 655. La pili la X limepasuka. Mvinje: moja limechanika vipande viwili kabisa, ndani ya mfuko, nilisikia usiku nikadhani panya kaangusha kitu. Jingine lina ufa mdogo, nimelitia gundi lakini silipi matumaini.

14 Septemba

Paini 618. Mvinje 1,210. Mfenesi umekaa kimya, haujapinda, haujapasuka, hauna habari. Kwenye mfuko mmoja wa paini kulikuwa na ukungu wa kijani. Nimefuta kwa siki, nikaacha wazi upepo siku mbili, nikarudisha.

5 Oktoba

Paini 610. Wiki iliyopita pia ilikuwa 610.

9 Novemba

Mvua za vuli. Paini 612. Limenenepa! Nilidhani mizani imeharibika, nikapima kilo moja ya sukari, mizani mizima. Mti hauachi kunywa na kutoa unyevu hata ukiwa mkavu, na hewa ya kisiwani ina maji mengi. Kwa hesabu yangu mti hapa unatulia kwenye unyevu wa asilimia 15 hivi ya uzito wake mkavu. Kwa nchi za baridi wenye kupasha nyumba moto wanashuka chini ya hapo, na ndiyo maana mtalii anayenunua sanduku la mbao mjini hulikuta limepasuka akiwa nalo kwao.

Mvinje 1,128. Umechukua muda mrefu zaidi lakini nao umesimama.

6 Desemba

Kurudi kwenye kerezo. Kabla ya yote nimepima upana. Paini zilizokuwa duara kamili la milimita 200 sasa ni 200 kwa kufuata nyuzi na 194 kwa kukata nyuzi. Mvinje ni 200 kwa 187, umekuwa kama yai. Kwa ukuta wa sentimita 2 bado kuna duara ndani ya yai hilo, ila kwa shida.

Ulimi wa chini, ule taya za kerezo zinaposhika, nao umekuwa yai, kwa hiyo taya nne zinagusa sehemu mbili tu. Nimelibana bakuli kinyumenyume kati ya ubao na mkia wa kerezo, nikaukereza ulimi upya kwanza, ndipo nikaligeuza. Mara mbili nilipuuza hatua hii. Mara ya kwanza lilitetemeka. Mara ya pili patasi ilikamata, bakuli likaruka, likagonga mlango, likagawanyika. Paini ya kwanza na, inshallah, ya mwisho kuvunjika mikononi mwangu na si yenyewe.

Hesabu baada ya hapo: paini 7, mvinje 2, mfenesi 3. Kumi na mbili kamili. Sina hata moja la akiba.

13 Desemba

Paini kavu ni mti mwingine. Sehemu laini za duara zinararuliwa na patasi isiyo kali, nyuzi zinang'oka badala ya kukatika, na zile zilizo ngumu zinabaki zimesimama kama mbavu. Mzunguko 1,000, patasi mpya ya makali, mkono mwepesi, nikikata kutoka upana mdogo kwenda mkubwa kwa nje, na kinyume chake kwa ndani. Msasa namba 80, 120, 240. Ile buluu niliyoilaani Julai imekuwa mawimbi ya kijivu kwenye mdomo wa mabakuli manne, na mjumbe mmoja wa kamati aliyepita ameuliza nimeipaka vipi. Nikamwambia ukweli. Hakuamini.

Umeme umekatika saa kumi, umerudi saa mbili usiku. Nimesugua kwa mkono.

28 Desemba

Mafuta. Kwa majaribio nilipaka kipande kimoja cha paini mafuta ya nazi mwezi wa kumi. Leo kinanuka kama kifuu kilichosahauliwa, na juu kinanata. Mafuta ya nazi hayakauki, yanakaa mle mle mpaka yaoze. Nimechanganya nta ya nyuki na mafuta ya kitani niliyoagiza Dar, nikapaka mara tatu, siku mbili mbili kati yake. Kwa paini nimekwenda mara nne, kwa sababu bado kuna harufu ya utomvu, na tende haipendi kunuka tapentaini. Tunda kavu likikaa ndani robo saa tu, si usiku kucha, harufu haipati nafasi.

18 Januari

Yote 12 yamekamilika. Mabakuli manane yamekwenda msikitini leo, manne bado yanakauka mafuta. Ami aliyapanga kwenye baraza kwa mstari, akapita akigonga kila moja kwa ukucha. Paini inatoa sauti ya boksi. Mfenesi wa kati. Mvinje unalia kama kikombe cha udongo.

Akayasimamisha mawili ya mvinje pembeni. "Haya usiyapeleke. Yabadilishe."

"Kwa nini, ami? Si ulisema ni ya mkaa?"

"Nilisema. Nauliza bei."

Kamati wana idadi yao na yatakwenda. Nimemwahidi la gogo linalofuata. Kwa shemeji bado kuna vipande viwili nyuma ya ukuta, ncha zake zilipakwa rangi.

25 Januari

Bakuli la nyota limebaki kwenye rafu. Mafundo yote matano yako mazima, mwanga unapita bado. Kitakoni, pale moyo ulipo, kuna ufa wa nyota nyingine, miguu mitatu, mpana milimita 2 mahali pakubwa. Nimeujaza karafuu ya unga, nikadondosha gundi ya haraka juu yake. Ilitoa moshi na karakana yote ikanuka kama ghala la Wete. Leo imekuwa ngumu, nyeusi, juu ina kinundu. Kesho nalisugua kwa namba 240.